Cheni Iliyotoshea Kwenye Kioo

Chuoni walimwita Cherehani. Walimpa jina hilo kwa sababu ya mguu wake wa kulia. Akikaa tu kwenye kiti, mguu unaanza kupiga chini ya meza kama wa fundi nguo aliyekaliwa kooni na wenye nguo zao. Meza inatikisika, kalamu zinadondoka, jirani anahama. Mwenyewe hana habari. Akiambiwa, anaacha. Ukigeuka, mguu huo tena.

Alilelewa na babu na bibi yake. Bibi alifariki mwanzoni mwa mwaka. Tangu hapo, kwa Cherehani, nyumbani hakukaliki. Anaamka, ananawa, anakunywa chai akiwa amesimama, huyo. Babu si mtu wa maneno. Aliyekuwa na maneno katika nyumba ile ni bibi, na ameondoka nayo. Waliobaki wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji.

"Utarudi?"

"Nitarudi, babu."

Basi, yameisha.

Chuoni kulikuwa na timu ya wanafunzi waliokuwa wakitengeneza roboti ya mashindano, naye akiwemo. Roboti yenyewe ni gari dogo, na juu yake mkono wa kunyanyulia masanduku. Mota inakaa chini, mkono uko juu, na katikati inapita cheni kama ya pikipiki, ipeleke nguvu kutoka gia ya chini hadi gia ya juu. Kabla ya kukata chuma, kila kitu kinachorwa kwanza kwenye kompyuta. Kiongozi wa timu, kijana mrefu waliyemwita Nahodha, aliuliza nani atachora cheni. Kazi ya kuchosha ile, wengi waliangalia chini. Cherehani aliinua mkono kabla swali halijaisha.

Wengine huchora mstari tu kuzunguka gia mbili, wakaandika pembeni kuwa hii ni cheni, wakaenda zao. Yeye hakutaka mstari. Alichora pingili kwa pingili: bamba la nje, bamba la ndani, pini, na kirola kinachozunguka juu ya pini. Pingili ikikamilika anaikuza mpaka inajaa kioo, anaigeuza, anaona ukingo haujakaa sawa, anafuta, anaanza upya.

"Dada, unachora cheni au unasuka nywele?" Nahodha alimtania.

"Niache."

"Hata kompyuta imeanza kuhema."

Kweli ilikuwa inahema. Faili lilikuwa zito, ukilifungua unaweza kwenda kunywa maji na kurudi usiwe umekosa kitu. Hilo halikumsumbua. Akiwa ndani ya pingili zile, kichwa chake kilipata pa kukaa. Akitoka tu nje ya chumba, kinaanza kuzurura.

Pingili zikatimia. Akaiamuru programu izipange kuzunguka gia zote mbili. Zikajipanga kama watoto wa shule, ya mwisho ikakutana na ya kwanza bila mwanya. Wenzake wakapiga makofi. Kutoka kwenye mchoro huo ndiko zilikotolewa nafasi za matundu: gia ya chini ikae hapa, ya juu pale. Mchoro ukapelekwa karakana. Bati la alumini la kufungia gia hizo lilikuwa moja, tena la kupewa. Nahodha alisema mbele ya wote, likiharibika, roboti inakwenda mashindanoni haina mkono.

Mwingine angetulia sasa. Siku ya kukatwa bati, Cherehani aliliacha somo katikati. Alichapisha mchoro kwa ukubwa wake halisi, akaulaza mezani, akaweka gia mbili juu ya alama zake. Akatoa cheni ya kweli kwenye sanduku la vipuri, akahesabu pingili sawa na zile za kwenye kioo, akaizungusha.

Ncha hazikukutana. Akavuta. Hazikukutana. Ulibaki mwanya wa karibu nusu pingili.

Akarudi kwenye kompyuta, akakuza picha mahali pini inapoingia kwenye tundu. Hapo akaona. Aliiambia programu izieneze pingili njia nzima, nayo ikatii. Ilizitenganisha kidogo kidogo, kila moja unywele tu, mpaka zikaenea. Pini hazikuwa katikati ya matundu yake. Yeye, pamoja na kukesha kote na macho juu ya pingili moja, hakuwahi kuangalia pale zinaposhikana. Cheni ya chuma haina adabu ya namna ile. Haitanuki kwa kuwa umeiomba.

Alitoka mbio mpaka karakana.

"Fundi, usikate!"

Fundi wa mashine, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa anafuta mikono. "Umechelewa, mwanangu. Limeshatoka. Hata limepoa."

Nahodha akaitwa. Alisikiliza, akatazama cheni na mwanya wake.

"Ongeza pingili moja."

"Haifungi. Ya nje inashika ya ndani, ya ndani inashika ya nje, zinakwenda mbilimbili. Nikiongeza moja, ndani inakutana na ndani."

"Basi ongeza mbili."

"Italegea kama suruali ya kuazima. Itaruka meno."

Nahodha akakaa juu ya ndoo. "Kwa hiyo mkono hakuna."

"Upo. Mota isogee juu kidogo, upana wa njiti ya kiberiti. Cheni itafika. Nitayarefusha matundu yake kwa tupa."

Fundi akacheka. "Wewe? Na mguu huo? Tupa inataka mtu aliyetulia. Ukipitiliza, cheni inalegea, na alumini ikishaliwa hairudi."

"Naomba tupa, fundi."

Fundi alimtazama Nahodha. Nahodha akainua mabega. Bati likabanwa kwenye jiliwa, kibano cha meza ya fundi.

Matundu yalikuwa matano: manne ya skrubu, na moja kubwa la shingo ya mota. Alianza kwa fujo. Tupa ikateleza, ikachora mkwaruzo mrefu juu ya bati.

"Unakimbizwa na nani?" fundi aliuliza.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa babu.

"Umekula?"

"Bado, babu. Niko na kazi. Nimekosea kitu."

"Kinatengenezeka?"

"Sijui."

"Haya. Mimi nipo."

Simu ikakatika. Cherehani alibaki ameishika, kidole kimejaa unga wa alumini. Bibi angeuliza maswali kumi, angemlaumu, angemwombea, na mwisho angemchekesha. Babu alikuwa na neno hilo moja tu, na alilitoa. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akaacha doa la kijivu usoni, akashika tupa.

Hakutulia, nisiseme uongo. Mguu uliendelea kuikanyaga sakafu. Ila safari hii alipiga tupa mara chache, akasimama, akapuliza unga, akaweka mota, akapima, akaitoa. Tena. Kila akisimama mkono unamwasha kuendelea. Mara moja Nahodha alimwambia, "Bado kidogo, piga tu," naye akajibu, "Kidogo hicho ndicho kilichotufikisha hapa."

Mota ikakaa. Skrubu zikaingia. Cheni ikazungushwa, na ncha zikakutana. Alipenyeza loki ya cheni, kile kipande cha kuunganisha ncha, akaifungia kwa koleo. Akaibonya cheni kwa dole gumba, ikabonyea kiasi chake, basi.

Wakaunga nyaya, wakaning'iniza sanduku la mchanga kwenye mkono, Nahodha akabonyeza. Mkono ukaanza kupanda. Katikati ukatoa mlio, *tak*, na wote wakaganda. Ilikuwa cheni inajikalia kwenye meno. Mkono ukaendelea mpaka juu, ukabaki huko na sanduku lake.

Nahodha akashusha pumzi. "Cherehani, umetuokoa."

"Na aliyewatosa ni nani?"

Fundi akacheka mpaka miwani ikateleza. Yeye hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, sikio karibu na cheni, kidole kinapapasa upande usiobeba mzigo.

"Ongezeni mchanga," alisema.

"Dada, imetosha. Si umeona mwenyewe?"

"Makofi nilishapigiwa hata mara ya kwanza. Ongezeni."

Fundi akachukua beleshi, akaenda nje kuchota mwingine.