Jiwe la Chumvi Kizimbani

Katika miaka ya themanini, nilipokuwa bado mke mpya, mume wangu alirudi kutoka Watamu, alikokuwa mpishi wa hoteli, na kapu lenye sungura: dume mmoja na majike wawili. Tulikuwa tukiishi Sabaki pamoja na mamake, mavyaa wangu. Mimi, mtoto wa mjini Malindi, sikuwahi kufuga hata kuku.

Mavyaa alifurahi kunishinda. Kila kukicha alikwenda kuwajulia hali wao kwanza, ndipo akaja kwangu. Tuliwakatia mchunga na majani ya viazi, tukawapa na pumba za mahindi, wakashiba. Hata hivyo watoto wao wa kwanza walidumaa, manyoya yakapauka, na wakubwa wakawa wanatafuna mbao za kizimba na kulamba udongo wa ukuta wa jiko ulioegemewa na kizimba. Mavyaa akasema ni kijicho cha watu.

Nikaenda mjini kwa bwana mifugo. Alinieleza kuwa chakula chetu kinajaza tumbo lakini hakina madini ya kutosha kujenga mifupa na damu. Nitundike jiwe la chumvi ya mifugo kizimbani walambe, na maji yasikauke kamwe.

Mavyaa alilipokea lile jiwe nililorudi nalo, akalinusa, akanirudishia. Chumvi hiyo ni ya ng'ombe, alisema. Sungura itamkausha damu. Hatukugombana. Majike wote wawili walikuwa wamezaa tena, basi tukagawana, kila mmoja na kizimba chake. Mweupe na wanawe wakawa wangu, wapate jiwe. Wa kijivu wakawa wake, waendelee kula kama walivyozoea.

Wangu waliuacha ukuta. Wakanenepa, manyoya yakang'aa, wakawa warukaji hata kuwashika ni kazi. Sikujisifu kwa mdomo, ila kila nilipowapelekea maji nilikawia pale, mavyaa anione nikiwatazama.

Asubuhi moja nilimkuta amechutama mbele ya kizimba chake. Alikuwa amemega kipande cha jiwe langu, anakifunga kwa uzi wa katani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kugeuka.

"Wanawaona wenzao wakilamba jiwe, wao wanalamba udongo," alisema. "Mimi siwezi kulea wajukuu wenye wivu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye alijaribu kujizuia, akashindwa, akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika.

Wake walikua pia, ingawa walichelewa kuwafikia wangu. Majirani walipokuja kuuliza siri, mavyaa ndiye aliyewaeleza habari za madini na mifupa, kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda mjini. Wakishaaga, aliwaita tena kuwakumbusha maji. Nilimwachia, maana nilipenda kumsikiliza.

Idi ilipofika tulimpika sungura mmoja kwa tui zito la nazi. Mume wangu alisema hotelini kwao hawajapata kupika kitu kama kile, na mavyaa akampakulia tena kabla sahani haijaisha.