Kitenge Juu ya Askari

Majirani wakifyatua fataki hapa mtaani kwetu Alief, Marekani, harufu ya baruti hunirudisha kwenye nyasi za ngome ya udongo, pale mto unapoingia baharini. Shule ilitupeleka sisi watoto pamoja na wazazi wetu kutazama wazee wakiigiza pigano dogo la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pigano ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui. Mizinga ililia, moshi ukatanda, na mzungu mmoja mwenye ndevu nyeupe akaanguka chali mbele yetu.

Mama, aliyekimbia vita vya kwetu Kongo, akafungua kitenge chake cha juu, akavuka kamba iliyotutenga na waigizaji, akamfunika.

"Mama, ni mchezo tu!" nilimwita kwa aibu.

"Najua," akajibu. "Hata kwa mchezo, maiti haiachwi wazi."

Yule mzee hakucheka. Alitulia chini ya kitenge mpaka mizinga iliponyamaza, kisha akakikunja vizuri na kukirudisha kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata tulirudi. Moshi ulipotanda, yule mzee alitutafuta kwa macho, kisha akaja kufia miguuni pa mama.