"Sisi" ya Illuminée

Saa mbili asubuhi, Illuminée Mukandutiye anafungua dirisha la chumba cha nyaraka, katika ofisi moja ya serikali mjini Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo. Anafuta vumbi kwenye meza mbili, kisha anakaa kwenye moja. "Bonjour," anasema, na hakuna anayeitika.

Kazi iliyomshinda ni kurasa sita tu. Mwaka jana alizungumza Nairobi kwenye kongamano la watunza nyaraka, akapigiwa makofi mpaka akaona haya. Jarida la chama chao likaomba hotuba hiyo iwe makala. Akaiandika neno kwa neno kama alivyoisema, akaituma. Ikarudi imejaa wino mwekundu.

Pale alipoandika "kama mnavyoona hapa", mhariri ameuliza: "Tunaona nini?"

Illuminée anacheka peke yake. Ukumbini alikuwa ameshika jiwe jeusi la volkano, lile ambalo Gisenyi halikosekani hata kwenye msingi wa choo.

"Kule nilisemaka na mukono," anaeleza. "Nilinyanyua jiwe, batu bakacheka, bakaelewa. Bon, kwenye karatasi nitanyanyua nini?"

Basi ikabidi ajifunze kuliandika jiwe. Mvua ilipopenya paa mwaka 1991 na kulowesha vitabu vya kuandikisha vizazi, mawe hayo yalianikwa juani mpaka yakapata joto, yakaingizwa kivulini, na kurasa zilizofungwa ndani ya magazeti zikalazwa juu yake. Zilikauka taratibu, bila kujikunja. Sehemu hiyo sasa inasomeka vizuri.

Swali la mwisho ndilo lililomkwamisha. Kila mahali ameandika "sisi tulikausha", "sisi tulipanga". Pembeni, kwa wino uleule: "Sisi ni nani?"

Walikuwa wawili. Mwenzake ni Protais Sibomana, mwenye meza ya pili, na wazo la mawe lilikuwa lake. Julai 1994, wakati wa vita, alivuka mpaka kwenda Goma pamoja na umati wa wakimbizi. Novemba 1996, wakimbizi waliporudi kwa miguu, Illuminée alisimama kando ya barabara akitazama nyuso hadi macho yakamuuma. Protais hakupita. Shangazi yake Illuminée, anayeuza maharage Goma, bado anamuulizia sokoni.

Gasana, mkuu wake wa kazi, ameshampa ushauri. Si mtu mbaya. Anaogopa maswali tu, kama wengi mjini mwaka huu wa 1999, kwa kuwa aliyekimbia asirudi hushukiwa, na anayemtaja huulizwa.

"Madame, weka jina yako peke," alimwambia. "Kesho mutu atauliza, huyu Protais iko wapi? We utasema nini?"

"Nitasema sijuwe."

"Donc, acha."

Hakuacha, wala hakuandika. Kubadili neno moja si kazi ngumu, na makala ingekwisha kuchapishwa zamani. Lakini mwanamke huyu ana upweke, na upweke wake wote umejibanza ndani ya neno hilo. Siku nzima hapati wa kubishana naye kuhusu faili ikae wapi.

"Nikiandika 'mi'," anasema, akiitazama meza ya pili, "ni kama mi mwenyewe nimemuzika, na maiti sijaona."

Leo anavuta karatasi safi. Juu kabisa anaandika jina la Protais, kisha lake. Gasana akigomba, na agombe. "Sisi" zote zinabaki.

Tumaini lake ni kwamba jarida litavuka mpaka, lifike Goma, Bukavu, hata mbali zaidi. "Hata kama itamufikia imefunga karanga, atasoma," anasema. "Protais hawezi kutupa karatasi bila kuisoma."

Jarida linataka anwani ya kila mwandishi. Chini ya jina lake anaandika ya ofisi. Chini ya jina la Protais anaandika: "Chumba kilekile, meza ya pili."