Picha za Kutazamwa kwa Kukaa

Nyumbani kwa Bi Misumari picha zote zimetundikwa usawa wa kiuno, na chini yake hakuna viti, ni mkeka tu. Mgeni asiyemjua hudhani aliyezitundika ni mfupi. Thubutu. Mama huyu huinama kila apitapo mlangoni. Kuzitundika chini ni mazoea aliyoyatoa katika duka la samani alikouza vitanda na makochi kwa miaka ishirini na mmoja.

Duka hilo lilikuwa na ukuta mrefu mweupe, na mwenye duka alitaka kuujaza matangazo. Bi Misumari, wakati huo bado binti mgeni kazini, akamwomba auache.

"Niachie mwezi mmoja tu, mzee. Wateja wakijaribu makochi wanatazama nini? Miguu yao."

Mzee alikuna kichwa, akakubali, na mwezi ule ukazaa miaka.

Maonyesho ya kwanza yalikuwa ya mchoraji mmoja mwenye hasira za karibu. Picha kumi na nne, kubwa, zote za wanawake wanaosubiri: kituoni, hospitalini, dirishani. Alipofika na kuona zilivyotundikwa chini, mori ukampanda.

"Dada, hizi umewatundikia watoto? Nani atainama?"

Bi Misumari alimshika mkono, akamkalisha kwenye kochi la kahawia lililokosa mnunuzi. Mwanamke wa kwenye picha naye alikuwa amekaa, na macho yao yakakutana. Mchoraji hakuondoka mpaka duka likafungwa, na kesho yake akarudi na mama yake.

Zilikuwa siku tamu, acha niseme. Duka linanukia vanishi na rangi, wauzaji wanabishana picha ipi ikae jirani na kabati lipi. Waliokuja kununua meza waliondoka wakifuta machozi, na waliokuja kutazama waliondoka na meza, ndiyo maana mzee hakulalamika sana. Wataalamu wa makumbusho walibeza: sanaa gani hiyo, katikati ya magodoro? Hao hawajawahi kutazama picha wakiwa wamevua viatu.

Kisha mzee akauza jengo. Bi Misumari akaomba maonyesho ya mwisho, akazitafuta zile zile kumi na nne, akaziazima moja moja kutoka kwa waliozinunua. Alitaka jambo moja tu maishani mwake wakati ule: zionekane kama zilivyoonekana siku ile. Akapima, akagonga misumari usawa ule ule. Kosa lake ni kwamba hakumwambia yeyote kuwa makochi nayo ni sehemu ya maonyesho. Kwake lilikuwa jambo lisilohitaji kusemwa. Asubuhi ya ufunguzi alikuta wapagazi wameshayapakia yote.

Wageni wakajikuta katika ukumbi mtupu, wameinama mbele ya picha kama watu waliodondosha funguo. Wengine walicheka chinichini. Bi Misumari alijibanza kwenye nguzo, akitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote ile, na mwisho wake ndio huu.

Mchoraji akaingia na mkongojo wake, magoti yameshagoma. Akatazama ukuta, akatazama sakafu.

"Kochi langu liko wapi?"

"Limeuzwa, kaka. Yote yamekwenda. Nisamehe."

"Basi nishike mkono kama siku ile."

Akashuka taratibu, akinung'unikia kila kiungo, mpaka akakaa sakafuni. Safari hii ilimbidi ainue uso, na mwanamke wa kwenye picha akawa anamtazama kwa juu, kama mama anavyomtazama mwanawe.

"Dada," alisema mwishowe, "siku zote umezitundika juu mno."

Mmoja akakaa, kisha wawili, kisha ukumbi mzima. Mwenye duka alikuwa wa mwisho, akatandika kitambaa chake cha mfukoni kwanza. Bi Misumari alicheka huku akilia, bila kujificha.

Kumwinua mchoraji kulihitaji watu watatu. Naye Bi Misumari, aliporudi nyumbani jioni ile, alichukua nyundo akaishusha misumari yake.