Mpiga Picha wa Harusi za Agosti

Studio ya Zinaida Cojuhari na duka langu la maua vilikuwa vimeegemeana, ukuta mmoja katikati. Akikohoa kule, mimi huku nasikia. Kwa hiyo haya ninayosimulia mengine niliyasikia kwa masikio yangu, mengine aliniambia mwenyewe, na yaliyobaki niliyapata kwa Raisa, mama wa bibi arusi mmoja, baada ya Raisa kurudi kutoka Italia.

Zinaida alikuwa mjane, mrefu, bega la kushoto limeshuka kidogo kwa sababu ya mkoba wa kamera. Alikuwa amepiga picha za harusi katika mji wetu na vijijini kote kando ya mto Nistru tangu enzi za filamu. Zamani watu walioana mwaka mzima. Siku hizi harusi zote zimebanana mwishoni mwa Agosti, mfungo wa kanisa ukishaisha na watu wakiwa wamerudi likizo kutoka Italia, Ujerumani na Moscow. Wanafunga ndoa, wanakula, wanacheza mpaka vumbi linapanda, halafu mabasi madogo yanawazoa tena wote. Ikifika Septemba, ukipita mitaani unabwekewa na mbwa tu nyuma ya mageti yenye kufuli.

Alikuwa na mtoto mmoja, Octavian, aliyekwenda Ireland akiwa kijana. Octavian alioa huko huko, kwenye ofisi ya serikali, siku ya kazi, mashahidi wawili. Mama yake alipata habari mambo yakiwa yameshakwisha, kwa picha moja iliyotumwa kwenye simu. Mpita njia ndiye aliyeipiga, na kidole chake kilikuwa kimeziba kona. Zinaida alikuja dukani kwangu kunionyesha. Nikasubiri alie. Hakulia. Alisema tu, "Mwanga ulikuwa mzuri. Ila aliyepiga hakujua asimame wapi." Akarudi kwake, na siku ile sikumsikia tena ng'ambo ya ukuta.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata alikuja binti mmoja, Marcela, peke yake, theluji ikiwa bado kwenye buti zake. Mchumba wake, Iulian, alikuwa Moscow kwenye kazi za ujenzi. Mimi nilikuwa nimekaa kwa Zinaida nikinywa chai, kwa maana nani ananunua maua Februari. Marcela akatoa simu na kuanza kusoma maswali aliyoyakuta mtandaoni.

"Shangazi, utatupa picha ngapi?"

"Za kutosha kukuchosha."

"Una ile kamera ya kuruka?"

"Sina. Ukitaka kuonekana kama sisimizi, mtafute wa mjini."

"Na zitakuwa tayari lini?"

"Kabla hamjaanza kugombana."

Marcela akacheka, akaweka simu mfukoni. "Basi. Nimemaliza."

"Hujaanza," Zinaida alimwambia. "Hukuniuliza nikivunjika mguu siku hiyo nani atakuja badala yangu. Mwaka juzi mpiga picha wa kijiji cha pili aliugua, akamtuma shemeji yake, na shemeji akapiga picha za keki tangu mwanzo mpaka mwisho. Hukuniuliza kama nakunywa."

"Unakunywa?"

"Nakunywa watu wakishaanza kuondoka. Muulize hivyo kila mpiga picha, wenzangu wengine huanza asubuhi. Halafu hukuomba kuona harusi moja nzima. Umeangalia zile za ukutani. Hizo ni bora za maisha yangu yote, hata mjinga akipiga muda mrefu atapata bora chache. Omba uone harusi ya mvua, ukumbi wa giza, baba wa bibi arusi amelewa. Uone huyo mtu alifanya nini hapo. Na picha zitahifadhiwa wapi, mashine yangu ikiungua?"

"Wewe, unamtisha mtoto," nikamwambia.

"Namsaidia." Akavuta kiti karibu. "Haya. Sasa nakuuliza mimi. Nani hawasemezani, nisije nikawasimamisha pamoja? Na nani usipomwona kwenye picha, picha zote hazina maana?"

Swali la kwanza Marcela alilijibu haraka, walikuwepo shangazi wawili waliogombania shamba la mizabibu. Kwa la pili alishika kikombe bila kunywa. Kisha akasema, "Mama. Na hatakuwepo."

Mama yake, Raisa, alikuwa Italia tangu Marcela yuko shule ya msingi. Baba alikuwa ameshafariki, mtoto aliachwa kwa bibi, na mama akapita kwa njia za panya kwenda kulea wazee wa watu. Karatasi zake za kuishi kule hazikuwahi kutoka. Akivuka mpaka kuja nyumbani, kurudi hakuna tena, na kazi ile ndiyo iliyoezeka nyumba, ndiyo iliyomzika bibi, ndiyo inayolipia harusi yenyewe.

"Tutampigia kwa video," Marcela alisema.

Zinaida hakutania tena. Alimuuliza tu Raisa ana urefu gani. Marcela akafikiri sana, kisha akasema hakumbuki vizuri, alipoondoka yeye alikuwa mdogo na mama alionekana mrefu. Akaweka kiganja kwenye shingo yake mwenyewe, akakishusha kidogo, akakipandisha. Ndipo machozi yakaja.

Agosti ikafika. Maua ya harusi ile nilipeleka mimi, kwa hiyo nilikuwepo uani asubuhi ile, kabla ya kwenda kanisani, wakati maharusi wanapopiga magoti juu ya mto wa kulalia mbele ya wazazi na kuomba radhi. Viti viwili viliwekwa, vimefunikwa zulia. Kimoja alikikalia mjomba wa Marcela. Kwenye cha pili waliegemeza simu, na ndani yake Raisa, uso mdogo kama stempu, kilemba kichwani, nyuma yake kabati la jikoni la watu wengine.

Shangazi mmoja alinong'ona, "Si angekaa mtu hapo? Kiti kinatia aibu."

"Kaa wewe uone," mwingine akamjibu.

Wapiga violini wakaanza. Maharusi wakapiga magoti, na msimamizi akaanza kusema yale maneno marefu ya kuomba radhi. Hata hayajafika katikati, simu ikaganda. Uso wa Raisa ukabaki mdomo wazi, halafu kioo kikawa cheusi. Iulian akaangalia chini. Wanawake wakaanza kurekebisha vitambaa vyao ambavyo havikuwa na tatizo lolote. Wapiga violini hawakujua waendelee au waache, wakaendelea. Na Marcela hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, anaangalia kile kiti, kama mtu anayesubiri aliyeingia ndani mara moja kuchukua kitu.

Nikamtafuta Zinaida kwa macho, nikadhani yuko mbele, wanakosimama wapiga picha wote. Alikuwa nyuma ya kiti. Amepiga magoti kwenye majani, na gauni lake zuri, kamera ameishika juu ya mgongo wa kiti, pale ambapo kichwa cha mwanamke aliyekaa kingekuwa. Alipiga mara chache tu. Kisha akashusha kamera akakaa vile vile mpaka binti alipoinuka.

Septemba Marcela alimfuata mumewe Moscow. Albamu ilipokuwa tayari, ilipaswa kutumwa Italia kwa basi dogo, pamoja na jibini na mitungi ya vyakula vya watu, kama tunavyotuma vyote. Zinaida akaniambia ataipeleka mwenyewe. Alikuwa na pasipoti ya Romania kupitia babu yake, kwenye mipaka ya Ulaya hakuna wa kumzuia.

"Ireland hujawahi kwenda," nilimwambia, "unakwenda Italia kwa mtu baki?"

"Octavian hajaniita, Lionora."

Alisema bila hasira, akiwa anafunga kamba ya boksi. Nilitamani nimeze ulimi.

Raisa alikuwa Padova, kwa bibi kizee mmoja aliyekuwa hawezi kushuka kitandani. Jumapili mchana alipewa ruhusa, na kama wanawake wetu wote wa kule alikwenda kukaa bustanini, kwenye mabenchi ya karibu na kituo cha mabasi, ambako wanakula walichotumiwa kutoka nyumbani na kusikia sauti za kwao. Zinaida alimtambua kabla hajatajiwa. Alikuwa mfupi, mfupi kuliko binti yake kwa mbali.

Walikaa benchi la pembeni. Raisa alifuta mikono kwenye sketi, akafungua albamu magotini. Zinaida aliniambia kwamba miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza maswali kama ya yule mama. Watu huuliza mbona nimenona, mbona fulani hayupo. Raisa aliuliza, "Hapa alikuwa anasikia baridi?"

"Kidogo. Asubuhi kulikuwa na umande. Alikataa koti."

"Viatu vilimbana?"

"Cha kulia. Baadaye alicheza pekupeku."

"Alikula? Maharusi huwa hawali."

"Alikula vifurushi vya wali na nyama jikoni, amesimama, amefunga taulo shingoni. Nenda mbele, utamwona."

"Hapa wanacheka nini?"

"Mjomba wake alikalia keki ndogo."

Raisa alicheka, akaweka kiganja mdomoni. Akageuza ukurasa, akafika kwenye ile ya uani. Ndani ya picha ile simu haionekani, wala kiti. Ni Marcela tu amepiga magoti, shela imesogea, macho yameinuka kidogo.

"Ananiangalia mimi," Raisa alisema.

"Ndiyo."

Njiwa walikuja miguuni, wakaondoka. Baadaye aliuliza, "Na wewe dada, una watoto?"

"Mmoja. Ameoa."

"Harusi yake uliipiga mwenyewe?"

"Hapana. Sikualikwa."

Raisa alifungua mfuko wake, akamkatia kipande cha mkate wa jibini, akakiweka mkononi mwake, wakala. Kabla ya giza alilazimika kurudi kumgeuza yule bibi kitandani. Walikumbatiana kituoni, na Zinaida akapanda basi la kurudi huku, safari ya mchana na usiku, mkoba mapajani.

Karatasi za Raisa zilitoka baadaye, wakati ule ule yule bibi alipofariki na kazi ikaisha. Akarudi nyumbani. Lakini wakati huo Marcela alikuwa na mtoto na kazi huko Moscow, na nyumba ile iliyoezekwa kwa miaka yote ile ilimpokea Raisa tupu, vyumba vinne na yeye. Alipika ugali wa njano sufuria nzima kwa mazoea, akala siku tatu.

Harusi nazo zilianza kwenda kwa vijana wa mjini wenye kamera za kuruka. Zinaida alibaki na picha za pasipoti. Octavian alipiga simu Pasaka na Krismasi. Niliweza kusikia ukutani jinsi mazungumzo yalivyokuwa mafupi.

Siku moja Raisa alikuja kwake apigwe picha ya kumtumia mjukuu. Akakaa mbele ya pazia, mgongo umenyooka kama yuko kwa daktari.

"Tabasamu kidogo," Zinaida alisema.

"Nitabasamu na nani?"

Nikasikia kiti kikiburuzwa. Zinaida alikuwa ametegesha kamera ijipige yenyewe, akaenda kukaa ubavuni mwake.

Picha ilitumwa Moscow. Nilimuuliza Raisa ilipokelewaje, alipopita dukani kununua maua ya kaburi la mama yake. Akasema mtoto aliishika kwa mikono yote miwili na kuuliza huyu mwingine ni nani. Marcela akamwambia ni yule aliyetupiga picha.

"Na Zinaida umemwambia?" nikauliza.

"Nimemwambia. Akauliza kama mtoto, alipoishika, alikuwa amesimama karibu na dirisha, penye mwanga."