Hapo Tu

Chama cha wafugaji kule Subukia kiliniajiri nipunguze vituo vya kukusanyia maziwa. Lori lilikuwa linasimama kila mahali, na kabla halijafika kwenye mtambo wa kupozea, maziwa yalikuwa yameharibika. Nikaunda mwigo wa kompyuta: barabara, lori, na wakulima wakiwa nukta za kijani zinazotembea na mitungi yao. Ukifuta kituo kimoja, unaona papo hapo nukta zikielekea kingine, na lori linawahi au linachelewa. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuharibu mambo yote bila kumuumiza mtu. Niliwaambia hivyo viongozi wa chama, wakacheka nami.

Kila nukta ilihitaji mwendo wake, kwa hiyo nilizunguka na fomu nikiuliza mtu anatembea dakika ngapi hadi kituo cha bondeni. Wazee wa kwetu hawana habari na dakika. Wana jibu moja: hapo tu. Hata kama ni kilima kizima, hapo tu. Nimezaliwa huko, nilijua vizuri kwamba hiyo hapo tu inaweza kumaliza asubuhi. Mama yangu mwenyewe, mwenye ng'ombe mmoja na nyonga mbovu, alinijibu hivyo huku akinimiminia chai. Nilikuwa nimechoka kupanda vilima, basi kila palipokuwa na hapo tu nikajaza dakika tano. Kwake pia. Mwigo ukaenda vizuri ajabu. Kituo cha juu, kilichokuwa karibu na lango letu, kikafutwa.

Baadaye wageni walikuja kutoka Nakuru kuona kama lori linafuata kompyuta. Nilisimama nao kituo cha bondeni, laptopu juu ya boneti, nimevaa koti. Lori lilifika kwa wakati, likangoja dakika zake, likaondoka. Wakanipigia makofi. Hata halijapotea machoni, akatokea kwenye kona mwanamke mzee, mtungi mgongoni, kamba yake imemkaza kwenye paji la uso, anachechemea.

Nilimjua kabla hajainua kichwa. Niliona aibu, na si kwa nilichomfanyia, bali kwa sweta lake lililotoboka. Mgeni mmoja akauliza huyo ametoka wapi, maana kwenye skrini nukta zote zilikuwa zimeshafika.

Nikapaza sauti, kama ninavyowaita wauza mboga mjini.

"Mathe, umetoka mbali?"

Nyumbani namwita mami. Akanitazama, akatazama koti, wageni, laptopu. Akautua mtungi taratibu, akaelewa ninachotaka, akanipa.

"Hapo tu, boss."

Nikamfungulia mgeni fomu ya huyo mathe, nikamwonyesha dakika tano. Akaandika kwamba mathe alichelewa kuamka.