Gari la Kumrudisha Mtoto

Kwa ukoo wa mume wangu, mtu aliyetoka gerezani harudi nyumbani peke yake. Mkubwa wa nyumba huenda kumchukua mwenyewe, humleta, na pale langoni humnawisha uso kabla hajaingia. Asiyefuatwa na mtu anaelewa kwamba hatakiwi, naye huenda kutafuta maisha kwingine. Kwetu nilikozaliwa hatuna mambo hayo; kwetu mama akishalia vya kutosha, mtoto anaingia. Lakini niliolewa huku, nikaikuta sheria hiyo, nikaishika.

Ndiyo maana mtoto wetu wa kwanza, kijana wa kiume, alipofungwa gereza la Buluo, nilijua kwamba kurudi kwake hakumo mikononi mwangu. Kumo mikononi mwa baba yake, na baba yake alikuwa ameacha kumtaja.

Sikatai kwamba mtoto alikosa. Alikamatwa yeye na wenzake wakisukuma mkokoteni wenye nyaya za shaba zilizokatwa kwenye reli. Angeiba kitu kingine chochote, labda baba yake angepiga kelele mwezi mzima kisha yakaisha. Lakini mume wangu alifanya kazi kwenye reli maisha yake yote, na kazi yake ilikuwa kuzitengeneza nyaya hizo hizo. Tunakaa Shituru, penye kiwanda cha shaba, katika nyumba za wafanyakazi, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Polisi walikuja mchana, watu wote wakiwa nje, wakampakia mtoto kwenye gari lao. Mume wangu alisimama barazani mpaka vumbi likatulia. Baada ya hapo aliingia ndani, na jina la mtoto halikutoka tena kinywani mwake.

Mimi nilikwenda gerezani. Kila Jumapili baada ya misa nilibeba bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu, nikatafuta usafiri, nikafika. Mtoto alikuwa akila huku akinitazama juu ya sahani, na kila mara aliuliza swali moja.

"Papa iko namna gani?"

"Iko," nilikuwa nikimjibu, nikimwongezea samaki.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na gari la marehemu baba mkwe, gari la Kifaransa la zamani, lile watu wa huku waliloliita katresankatre, yaani mia nne na nne. Wakati wake lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya udongo, sakafu imetoboka, na kuku wangu walitagia kwenye kiti cha nyuma. Mwanangu huyo huyo alipokuwa mdogo alipenda kulala humo mchana. Baada ya mume wangu kustaafu nilimwomba mara nyingi alitoe, nipande mboga. Hakulitoa wala hakuligusa.

Kisha asubuhi moja nilikuta kuku wamefukuzwa na mlango mmoja wa gari umelazwa chini juu ya mkeka wangu. Mume wangu alikuwa akiusugua kwa msasa, uso umejaa vumbi jekundu. Nilikasirika, na kwa nini nisikasirike? Mtoto wake yuko ndani, hata chumvi hajawahi kumpelekea, na leo ana nguvu za kulitunza bati! Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Hakuinua kichwa. "Alitoka hapa ndani ya gari ya polisi, bantu bote banaangalia," alisema. "Atarudi ndani ya gari ya nkambo yake. Baangalie tena."

Nkambo ni babu. Nilisimama pale na ndoo mkononi, hasira ikiwa imepotea na mahali pake pamebaki patupu. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nilimwuliza kama ningeweza kumpelekea mtoto habari hiyo Jumapili.

"Hapana. Usimuambie kitu. Kama nashindwa kuitengeneza, itakuwa haya mara mbili. Akuye kuiona tu na macho yake."

Nikakubali. Ulikuwa mzigo mzito kuliko chakula nilichobeba, kukaa mbele ya mtoto na neno hilo mdomoni nisiliseme.

Nyumba yetu ikawa karakana. Beseni la kufulia likajaa mafuta machafu, nikanunua jingine, nalo likachukuliwa. Binti zangu walianika nguo juu ya boneti na kugombezwa. Mjukuu mdogo alikuwa akikaa mbele ya usukani ambao haujafungwa popote, anatupeleka sote Lubumbashi huku babu yake yuko chini ya gari amelala chali. Mezani tuliongea juu ya breki na kabureta kana kwamba ni ndugu waliolazwa hospitali. Mume wangu alikuwa na subira na chuma ambayo sijawahi kuiona akiwa nayo na binadamu. Kipande kilichokataa kufunguka leo, alikipaka mafuta, akakifunika kwa kitambaa, akakiambia kesho. Nilimwonea wivu huo mlango wa gari, nasema kweli.

Kazi ilikwama kwenye boliti. Zile za mbele, zinazoshika mikono ya magurudumu, zilikuwa na kutu nene, na mpya za kipimo hicho hazikupatikana mjini. Ndipo jirani mmoja akaja na bidoni, dumu la maji ya asidi, yale ya rangi ya buluu yanayotoka kwenye matangi ya kusafishia shaba. Hapa Shituru kila mtu ana dawa yake inayotokana na kiwanda. Huku tumezaliwa na shaba na tunaiamini kuliko daktari. Mume wangu alizitumbukiza boliti kwenye beseni la tatu, akasubiri.

Zilitoka nyekundu. Si nyekundu ya kutu. Nyekundu ya shaba mpya, laini, inayong'aa mpaka unaona vidole vyako. Watu wa mtaa walikuja kuzitazama, zikapita mkono kwa mkono. Mume wangu aliinua moja kwenye jua na nilimwona akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ya polisi.

"Angalia, mama. Sasa haina tena chuma, iko shaba. Shaba haishikake kutu."

Hakuna aliyembishia, hata jirani aliyemaliza miaka kiwandani. Nasi sote tulifurahi. Akazifunga mahali pake, akakaza, akalipaka gari rangi nyeupe.

Siku ya kuachiliwa mtoto ilijulikana. Jumapili iliyotangulia alinishika mkono kwa nguvu. "Papa atakuya?" aliuliza, na macho yake yalikuwa ya mtoto kabisa. Neno lilinifika kwenye meno, nikalimeza. Nilimwambia, "Minye nitakuya. Ungoye pale pa mulango, usitoke."

Tuliondoka asubuhi. Mume wangu alivaa koti la harusi ya binti yetu, nami nilivaa kitenge kipya na kuweka kibuyu cha maji ya kunawia nyumbani, langoni, tayari. Gari liliwaka. Watu walitoka majumbani kama alivyotaka, wengine wakapiga makofi, na mume wangu akawapungia mkono taratibu. Nilijiona mke wa mtu mkubwa. Tulipita mjini, tukaingia barabara ya Buluo, naye akaanza kuimba kwa sauti ndogo nyimbo za kanisani.

Nyumba zilikuwa zimekwisha zamani na tuko kwenye pori tupu, tulipopita shimo, shimo la kawaida tu. Kikasikika kitu kikikatika chini ya miguu yangu. Gari likainama upande wangu, likajiburuta, likasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa limelala ubavuni.

Nilimwambia tupande pikipiki ya kwanza itakayopita, twende wote wawili, gari tutalirudia. Hakutaka. "Ngoya kidogo. Nitafunga na nyororo." Nikangoja, maana mtoto anarudishwa na baba, harudishwi na mimi. Alifunga mnyororo, ukateleza. Akafunga tena. Pikipiki zilipita, nazo zikawa chache. Jua lilipanda, likasimama utosini, na koti la harusi lilikuwa limechafuka mafuta mpaka mabegani. Nilimpigia kelele, pale barabarani, maneno ambayo mke hamwambii mumewe. Kisha nilisimamisha pikipiki, nikapanda peke yangu.

Mlinzi wa gereza alinifahamu kwa sababu ya sahani zangu. Alinitazama kwa huruma kabla sijafungua mdomo.

"Mama, mutoto yako amekungoya sana. Alikatala kukaa mu kivuli, ati asikukose. Kisha lori ya makala ya kupikia ilipita, akapanda."

"Kwenda wapi?"

"Hakusema."

Nilikaa chini kwenye vumbi, mbele ya lango, na kitenge changu kipya. Jumapili zote nilizokwenda sikuwahi kulia mahali pale. Siku hiyo nililia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Nilipomrudia mume wangu, alikuwa ameketi pembeni ya barabara na vipande viwili vya boliti mkononi. Aliona niko peke yangu. Akanionyesha. Nje kulikuwa na ngozi nyembamba ya shaba, nzuri bado. Ndani chuma kilikuwa kimeliwa, kimebaki kijiti cheusi unachoweza kukivunja kwa vidole. Maji yale hayakuwa yameifunika boliti. Yalichukua chuma kidogo kidogo na kuacha shaba mahali pake.

"Nilizishika mu mikono," alisema. "Zilikuwa nyepesi. Nilizisikia ni nyepesi, nikasema haizuru."

Hasira zangu zote zilikuwa tayari, nilikuwa nimezipanga njia nzima. Sikuweza. Nilikaa karibu naye mpaka watu wakaja kutuvuta.

Mtoto hakuja nyumbani. Siku zilipita na kila pikipiki iliyopunguza mwendo mtaani ilinitoa jikoni. Mume wangu hakuligusa gari. Alikaa kwenye kiti barazani, mikono magotini, na mimi nilipika chakula kilichorudi kama kilivyokwenda.

Kisha simu yangu ililia asubuhi moja, namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti yake. Alikuwa Kolwezi, mji wa mbali, ameazima simu ya mtu.

"Mama," alisema, "papa sikumungoyaka, ile nilijua. Lakini weye? Weye pia?"

Kabla sijamjibu, simu ilikuwa imetoka mkononi mwangu. Mume wangu alikuwa amesimama, ameishika kwa mikono miwili.

"Njo minye, papa yako," alisema, kisha akalitamka jina la mtoto. "Tulikuwa tunakuya. Bote babili. Gari ilikufa mu njia."

Nilisogeza sikio langu karibu na lake.

"Gari gani, papa?" mtoto aliuliza.

Mume wangu alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Kilichotoka kinywani mwake hakikuwa jibu la swali.

"Uko fasi gani? Nitakuya kukukamata, nikurudishe. Na bisi, ao na mugulu."

Mtoto akaanza kueleza: ushuke mahali fulani, upite nyuma ya soko, uulize duka la unga. Mume wangu alikuwa akirudia kila neno kwa sauti, polepole, asisahau. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia ndani kumtafutia shati safi.